Biskuti ya Saa Kumi na Moja Ndo Inakuharibia Chakula cha Jioni

SHANGAZI JIKONI: maswali yenu ya mwezi huu

Jamani mwezi huu mmeniandama na kitu kimoja tu, jioni na watoto wadogo. Mmoja anauliza apike nini, mwingine watoto hawali, mwingine baba wa watu kaachiwa jiko hajui hata sufuria ya ugali ni ipi. Nimechagua maswali matano, nimeyafupisha kidogo maana mengine yalikuwa marefu kama hati ya kiwanja.

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi Mbagala nafanya kazi Posta, natoka ofisini saa kumi na moja ila kwa foleni nafika nyumbani saa moja na nusu, siku nyingine saa mbili kasoro. Nina watoto wawili, wa miaka minne na wa miaka miwili. Nikifika nakuta mmoja kashalala kwenye kochi mwingine analia, nawasha gesi napika fasta fasta wali au tambi, kikiiva saa tatu hawali wanachezea tu, mi nakasirika naanza kugombeza. Dada wa kazi ananiambia "mama hawa si wamekula biskuti". Nifanyeje? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na foleni. Sasa ngoja nikuambie, dada wa kazi keshakupa jibu wewe hujamsikiliza tu. Mtoto wa miaka miwili tumbo lake dogo, ukimpa paketi ya biskuti na juisi ya boksi saa kumi na moja ushamlisha, halafu saa tatu usiku unamletea sahani ya wali wakati mwili wake unataka kitanda. Hapo hata upike pilau ya harusi hali. Sio mkaidi, kachoka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni saa, mapishi tutayafikia. Watoto wa umri huo wale saa kumi na mbili, ikizidi sana saa kumi na mbili na nusu, uwe umefika hujafika. Najua roho itakuuma, wote tumelelewa kwamba jioni familia inakula pamoja, lakini siku za kazi na foleni ya Dar hiyo haiwezekani mpaka wakue, na we kuja kukaa nao saa moja na nusu ukamenya embe mkala wote huku wanakusimulia ya chekechea, hiyo nayo ni kula pamoja. Jumamosi na Jumapili wekeni mkeka mle wote mpaka mchoke.

Saa tisa kuelekea saa kumi hivi wapewe kitu, mi siko kwenye kundi la wanaosema mtoto aachwe na njaa ndo atakula vizuri, hapana, akivuka njaa anaanza vituko. Ila kiwe chakula: ndizi mbivu, kipande cha parachichi, kiazi cha kuchemsha, kikombe kidogo cha uji. Halafu hapo katikati maji tu mpaka chakula. Biskuti ziweke kabati la juu au usinunue kabisa, maana dada naye binadamu, mtoto akilia anachukua kilicho karibu.

Sasa mapishi. Dada asiachiwe kubuni, jana yake usiku muambie kesho ni nini, na vitu viwe vipo. Kwa siku za kazi chakula changu mimi namba moja ni choroko, haihitaji kulowekwa kama maharage. Usiku ukiwa umekaa na simu yako chambua kikombe kimoja utoe mawe, kesho saa kumi dada anaosha, anaweka na vikombe vitatu au vinne vya maji, dakika thelathini mpaka arobaini zimelainika. Anakaanga kitunguu na nyanya na karoti ya kukwangua, anamwaga choroko, anatia tui jepesi zichemke, mwisho tui zito huku anakoroga taratibu lisikatike, chumvi kidogo basi. Wali pembeni. Mboga ya majani, mchicha au matembele, akatekate ndogo ndogo aimwagie humo humo dakika tano za mwisho, kwa sababu mtoto wa miaka miwili ukimwekea mchicha peke yake kwenye sahani anaukusanya anautoa nje kama anafagia uwanja, ila ukiwa ndani ya choroko unapita bila kuulizwa kitambulisho.

Chenu nyie wakubwa kinaingia kwenye hotpoti kinawasubiri cha moto. Kikibaki kipoe upesi kiingie friji, usiulaze wali mezani usiku kucha eti asubuhi utapasha. Kwenye mchele kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa kwenye joto la Dar wanaamka wanatoa sumu, na sumu yenyewe hata ukiupasha mpaka ufuke moshi haitoki. Ndo yale matapishi ya asubuhi mnasema mtoto kaota meno.

Maharage yawe ya wikiendi. Loweka Ijumaa usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya na yatokote kwa moto mkali dakika kumi kabla hujapunguza, maana maharage mekundu yasiyoiva yana sumu yake yanasumbua tumbo vibaya sana. Yakishaiva kabisa gawa kwenye vimfuko vinne uweke friza, kila kifuko ni mchuzi wa jioni moja. Kama una presha kuka ya umeme hapo umeula, chungu kizima hakimalizi hata uniti moja. Kama huna friza mtaani kwako hakosi mama anayeuza maharage yaliyochemshwa jioni, nunua kwake usione aibu, yeye ndo friza yako.

Na jambo la mwisho hujaniuliza lakini nitasema. Dada anayewapikia wanao ale chakula kile kile anachowapikia. Nimeshaona nyumba watoto wanakula samaki dada anakula ugali na maharage ya jana, halafu mama anashangaa kwa nini dada hana moyo wa kumbembeleza mtoto amalize sahani.

SWALI: Shangazi mimi ni baba, nipo Mwanza. Mke wangu yuko masomoni Dodoma miezi mitatu, kaniachia watoto watatu, mkubwa darasa la pili mdogo miaka mitatu. Ugali wangu una mabuje, juzi mdogo kauliza "baba hii ni mihogo?" Tumekula chipsi mayai siku nne mfululizo na hela inaisha. Nipe vitu rahisi kabisa kabisa. (Baba Kaachiwa)

JIBU: Baba karibu jikoni, nimecheka mpaka machozi. Afadhali wewe umeuliza, wapo wanaowapeleka watoto kwa bibi yao siku ya pili tu.

Tuanze na hayo mabuje. Unakosea kumwaga unga mkavu wote kwenye maji yanayochemka. Chukua unga kidogo, kama viganja viwili, uvuruge kwenye kikombe na maji ya baridi mpaka uwe laini, mimina kwenye maji ya moto huku unakoroga, uache utokote dakika tano mpaka saba uwe uji kweli kweli. Halafu ndo unaongeza unga kidogo kidogo na kusonga. Kwa watoto uwe mlaini, sio ule wa kujengea ukuta, na ukiuona unanata kwenye mwiko usiogope, punguza moto funika dakika mbili geuza. Kama mnasaga dona ni bora zaidi maana ile pumba na kiini havijatupwa, lakini kama wamezoea sembe usiwabadilishie ghafla wakati mama yao hayupo, changanya nusu kwa nusu.

Mboga? Baba uko Mwanza unaniuliza mboga! Una dagaa mlangoni. Ila dagaa wana utaratibu wake, na watu wanaowachukia ni wale waliokula waliopikwa vibaya. Mwage kwenye maji ya uvuguvugu, wale wa ziwani wanaoanikwa chini wana mchanga, waoshe maji matatu au manne mpaka chini ya beseni pasibaki chembe. Toa vichwa, ndo vyenye uchungu, mpe kazi huyo wa darasa la pili anaweza kabisa. Kausha, kaanga kwenye mafuta kidogo mpaka waanze kulia kwarakwara, weka pembeni. Kaanga kitunguu, nyanya mbili tatu, rudisha dagaa, kamulia limau, funika dakika tano. Huyo mdogo wa miaka mitatu mtwangie wake kidogo uchanganye na mchuzi. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake kwa hiyo kalsiamu ya mifupa ya watoto unaipata humo, kwa bei ambayo chipsi mayai haiigusi.

Siku nyingine chemsha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, na maganda yake. Ile rangi ndo yenye vitamini A, na vitamini hiyo inataka mafuta kidogo ili mwili uichukue, kwa hiyo wape na karanga zilizosagwa au parachichi. Na kama una bibi kijijini mwambie akutumie michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mnapika na karanga za kusaga inakuwa nzito tamu, watoto wanakula mpaka wanalamba kijiko, na wewe utakumbuka utoto wako hapo hapo jikoni ukajikuta unawasimulia stori.

Mayai yapo, sawa, lakini kaanga mwenyewe na nyanya na vitunguu, mle na ugali. Jumatano iwe siku ya chipsi kama walivyozoea, moja kwa wiki haiui mtu. Ukishindwa siku fulani uji wa maziwa na ndizi ni chakula cha jioni kamili, usijidharau. Na mkeo ukimpigia simu usimwambie umepika nini, muache aone picha.

SWALI: Shangazi hujambo? Niko Mombasa, kijana wangu ana miaka mitatu na nusu, hali kitu chochote ila chapati na chai ya maziwa. Asubuhi chapati, mchana chapati, usiku chapati. Nimejaribu wali wa nazi, nimejaribu samaki, anafunga mdomo kabisa. Mamake mume wangu asema namdekeza, nimfiche chapati siku mbili atakula tu. (Mama Chapati)

JIBU: Sijambo mama. Mama mkwe wako namheshimu lakini usimfiche. Mtoto ukigeuza meza kuwa uwanja wa vita atashinda yeye, maana yeye ndo mwenye mdomo.

Mimi ningeanzia kwenye chai wala sio chapati. Chai ina kitu kinachozuia mwili usichukue madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na mtoto anayeshiba chai ya maziwa vikombe vitatu kwa siku hana nafasi ya njaa, na damu inaweza kupungua polepole. Kwa hiyo chai iondoke mezani. Usimkatie ghafla leo leo, punguza majani kila siku kidogo mpaka iwe maziwa matupu, kikombe kimoja, na kije baada ya chakula kisitangulie. Kwenye chakula ni maji. Halafu kama mchuzi una limau au amepata kipande cha chungwa na mlo wake, ile inasaidia madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na majani yachukuliwe vizuri.

Chapati yenyewe ifanye gari, ipakie mizigo. Chemsha malenge, liponde kabisa, kandia unga badala ya maji, chapati inatoka ya manjano laini na wala hatouliza. Wiki nyingine karoti. Kisha mchuzi wa pojo (ndo choroko hizo hizo) mzito uwe pembeni kwenye bakuli lake mwenyewe dogo, achovye. Watoto wanapenda kuchovya kuliko kula. Akichovya mara moja akaacha usiseme kitu, usipige makofi pia, ule wewe na pojo yako kama vile hujaona.

Kila usiku weka kwenye sahani yake kile anachokipenda na kijiko kimoja tu cha kitu kipya, kijiko kimoja sio sahani. Watoto wengi chakula kigeni wanakikataa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukubali, na sisi wazazi tunakata tamaa ya tatu tunasema "huyu hapendi samaki" halafu tunamtangazia kila mgeni anayekuja mpaka mtoto mwenyewe anaamini. Samaki mtoe mifupa wewe mwenyewe kwa vidole, sio kwa macho, na mpe vipande kutoka kwenye sahani yako, mtoto anaamini cha sahani ya mama ni kitamu zaidi sijui kwa nini.

Ukiona anakonda, au ni mweupe mdomoni, au mchovu mchovu tu, mpeleke kliniki apimwe damu na uzito, hayo sio ya safu ya mapishi.

SWALI: Mtoto wangu ana miezi minane, naweza kumpa chakula chetu cha jioni au nimpikie chake? (Mama K, Morogoro)

JIBU: Mpe hicho hicho. Kabla hujatia chumvi na pilipili chota chake, kiponde kwa uma kibaki na mabonge madogo madogo laini, sio uji wa kunywa kila siku, anatakiwa ajifunze kutafuna hata kama meno ni mawili. Ongeza mafuta kijiko kidogo au karanga iliyosagwa laini ukiikoroga ndani. Karanga nzima hapana, zinakaba, na hiyo ni mpaka avuke miaka mitano hivi. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulamba, hata bibi akisema. Na nyonyo iendelee.

SWALI: Shangazi mimi nimechoka. Mume wangu anataka mchuzi wa pilipili na nyama, watoto (5 na 3) wanataka laini laini, kwa hiyo kila jioni napika mara mbili. Nimalizie vipi? Halafu huyu wa miaka mitano kila saa yuko jikoni anataka kusaidia, ananichelewesha. (Nimechoka, Tanga)

JIBU: Acha kupika mara mbili kuanzia leo, au kama leo umeshapika basi kesho. Nyumba ni moja na chungu kiwe kimoja. Pilipili ina miguu, itembee kutoka kwenye sufuria iende kwenye kibakuli: pilipili mbuzi tatu umezikaanga na kitunguu na limau, au kachumbari ya pilipili, inakaa mbele ya baba anajiwekea mpaka macho yatoke maji akitaka. Nyama hivyo hivyo. Ikatwe ndogo ndogo iive mpaka ilainike ndani ya ndizi, kama mtori hivi lakini usiusage wote, nusu ponda nusu acha vipande, hapo baba anapata nyama anayoiona kwa macho na wa miaka mitatu anapata kijiko laini. Bokoboko siku nyingine. Wali wa nazi na kunde siku nyingine. Akilalamika muulize yeye anataka kupika sufuria ipi kati ya hizo mbili, kwa sauti ya upole tu, mimi niliuliza mwaka fulani na nyumba ilikaa kimya jioni nzima, lakini sufuria ya pili sikuipika tena.

Huyo wa miaka mitano usimfukuze jamani, huyo ni mfanyakazi wa bure! Muweke mbali na moto na kisu, kwenye mkeka, mpe achambue mboga avunje vijiti vya mchicha, aoshe nyanya kwenye beseni, atoe maganda ya kitunguu saumu. Mpe sinia la choroko na umuonyeshe jiwe likoje. Atakuchelewesha wiki ya kwanza kweli, ya pili utakuwa unamsubiri. Na anachokichambua mwenyewe anakila, hilo nimeliona kwa wangu wote na sasa kwa wajukuu. Mmoja wao mawe aliyoyatoa hakutaka yatupwe, akayaweka kwenye kifuniko cha chupa, kila mtu aliyeingia sebuleni siku ile alionyeshwa mawe saba, babu yake alionyeshwa mara tatu.

Mwezi ujao tuandikieni kuhusu vya kubeba shuleni, na huyo baba wa Mwanza atujulishe ugali umefikia wapi.